Kilichokuwa Kichwani mwa Mwalimu Sikujua

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840. Diwani yake ilitoka Johannesburg mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens na kuchapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kati ya kaburi la mshairi na kitabu chake imepita miaka mia moja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na chuo, idara wala kamati iliyopewa kazi ya kutunza mashairi yale. Yalikuwa vinywani mwa watu. Waliyatoa katika mazungumzo, wakayatumia kugombana na kupatana, na kila mzee aliyezikwa alizikwa na beti zake. Leo mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anamsoma Muyaka akiwatupia vijembe mahasimu wa Mombasa, na anamsoma kwa sababu mtu mmoja wa mji huohuo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alizikusanya beti hizo na kuziandika wakati bado kuna waliozikumbuka, kisha asizifungie sandukuni.

Historia ya Kiswahili sanifu kwa kawaida husimuliwa kwa mikutano. Mwaka 1925 wakuu wa elimu walikutana Dar es Salaam. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa Mombasa, ambako Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Baadaye Kamati ilihamia Makerere, na mwaka 1964 ikageuka kuwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam, ambacho wengi wetu tulikijua kwa jina la TUKI na tangu mwaka 2009 ni TATAKI. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Ninachokikataa ni ile picha inayobaki akilini baada ya masimulizi hayo, kana kwamba ujuzi wa lugha ulianza siku muhuri ulipogongwa. Taasisi haina kumbukumbu yake yenyewe. Inajua yale tu ambayo watu fulani waliyajua, wakatambua kwamba yatahitajika siku ambayo wao hawapo, wakakubali kumpa mtu mwingine. Mahali ambapo kuona mbele na kutoa vilikutana kwa mtu mmoja, taasisi zilizokuja nyuma yake zilipata nguvu. Mahali ambapo kimojawapo kilikosekana, zilirithi pengo ambalo hakuna bajeti iliyoweza kuliziba.

Kazi ya Sikujua yafaa itazamwe kwa karibu, maana haikuwa kunakili tu. Kiswahili wakati ule kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo hazikutengenezwa kwa ajili ya sauti zetu. Herufi ileile ya b ingeweza kusomwa b, p au mb. Ile ya f ilibeba pia v. Sauti za e na i zilitumia alama moja, na o na u vilevile. Aliyekuwa anaujua ubeti aliusoma bila kukwama, na asiyeujua alibaki akibahatisha. Mswada wa namna hiyo ulimkumbusha ajuaye lakini haukumfundisha asiyejua, kwa hiyo mtu angeweza kurithi kasha zima la karatasi na bado asirithi kitu. Ndiyo maana kule kukaa kwa Sikujua pamoja na William Taylor kulikuwa na uzito mkubwa. Taylor, mmisionari wa Kiingereza wa shirika la CMS aliyefika pwani mwaka 1880, ndiye aliyeyaandika mashairi kwa herufi za Kirumi, pamoja na maelezo mengi ya pembeni. Maelezo hayo hakuyatoa kichwani mwake. Yalitoka kwa watu wa Mombasa, na wa mbele miongoni mwao alikuwa Mwalimu Sikujua.

Na maelezo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Muyaka hakuwa mshairi wa kujifungia chumbani. Aliishi wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakipambana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mpaka utawala wao ulipoanguka mwaka 1837, na beti zake nyingi ni silaha za ugomvi ule. Ubeti wa kejeli usiojulikana alikejeliwa nani hupoteza nusu ya makali yake. Neno la Kimvita lililokuwa wazi kwa wenyeji wa 1830 lilikwisha kuwa la wazee ifikapo 1880. Sikujua alifariki mwaka 1890, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kumuuliza tena. Lakini kwa kuwa alikuwa amekwisha kutoa, karatasi za Taylor ziliingia katika maktaba ya SOAS London zikiwa na mashairi na mambo yanayoyafanya yasomeke. Hichens aliyategemea makusanyo hayo. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka, alikuwa anaendeleza mazungumzo ambayo mwalimu wa Mombasa aliyaanza karibu miaka mia moja kabla.

Kuona mbele bila nia ya kuwapa watu wote bado kuna thamani, na mfano wake mzuri ni Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha. Alijua kwamba huenda asiishi kumlea, na kwa kweli hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Nia yake ilikuwa ya mama kwa mwana, si ya mhifadhi kwa taifa. Hata hivyo aliutunga katika umbo linalokaririka kwa urahisi, nakala zikatembea, na wanawake wa Lamu wakaufanya wao. Mtaalamu wa Kiswahili Alice Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 hawakufukua kitu kilichokufa. Walipokea kitu ambacho nyumba nyingi zilikuwa zimekilinda kwa zaidi ya miaka sabini. Nataja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba nusu ya kazi ya taasisi hufanyika kabla taasisi haijafikiriwa, na mara nyingi hufanywa na watu ambao majina yao hayaandikwi popote.

Baada ya Sikujua alikuja mtu wa Lamu aliyelifanya jambo hili kuwa kazi ya maisha yake. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mwanamuziki na fundi wa kuchonga milango. Alinakili tenzi za kale kwa mkono uliotulia, tena kwa kuwafikiria wasomaji ambao hawakuzaliwa Lamu. Mwaka 1913 alimwandikia Alice Werner utenzi wa Fumo Liyongo, akiikusanya katika beti hadithi iliyokuwa imetawanyika katika vinywa vya watu wa Pate, Ozi na Lamu. Hichens alipata miswada kutoka kwake. Mtafiti Mjerumani Ernst Dammann, aliyekaa Lamu miaka ya 1936 na 1937, alifanya kazi naye, na kitabu alichokitoa Hamburg mwaka 1940 juu ya mashairi ya Kiamu kina deni kubwa kwa Kijuma. Hati zake sasa ziko London na Ujerumani, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima cha matini zake. Ukitoa mkono wa Kijuma katika makusanyo ya Kiswahili ya Ulaya, rafu nyingi zitabaki tupu.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo si la kupuuza. Kijuma alilipwa. Wazungu waliagiza nakala, naye akaandika kwa ujira, kwa hiyo, husema wapinzani, huko kuona mbele ni kwa mnunuzi na si kwa mwandishi. Nadhani hoja hii inachanganya mambo mawili. Ujira unaeleza kwa nini karatasi ziliandikwa katika mwaka fulani, lakini hauelezi kwa nini Kijuma alikuwa na cha kuandika. Mnunuzi aliyeshuka Lamu na fedha mfukoni asingepata chochote kama hapangekuwa na mtu aliyetumia miaka kusikiliza wazee, kukariri, kulinganisha nakala na kujifunza uandishi. Zaidi ya hapo, fundi alistahili kulipwa. Tuna tabia mbaya ya kudhani kwamba elimu ya mzee wa pwani ni ya bure ilhali ya profesa ina mshahara. Taasisi inayotaka watu watoe wanachokijua haina budi kukubali kwamba kutoa ni kazi, na kazi ina malipo na ina jina la aliyeifanya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wa pwani wenyewe. Ni nguvu gani iliyopatikana, wanauliza, ikiwa miswada ilikwenda London, Hamburg na Halle, na mjukuu wa aliyeiandika anahitaji viza ili kuiona? Uchungu huo ni wa haki. Tangu mmisionari Krapf alipopeleka miswada Ujerumani katika miaka ya 1850, mali nyingi ya maandishi iliondoka, na faida ya kwanza ya elimu ilikwenda kwa vyuo vya huko. Lakini tuangalie kilichoondoka ni nini. Kijuma aliuza nakala, na tenzi zenyewe zikabaki Lamu. Kama nyingine zimepotea hapa, zimepotezwa na mchwa, unyevu wa bahari, na warithi walioona karatasi za babu ni takataka, si na yule aliyenakili. Kosa ni kwamba hapakuwa na nyumba ya karibu iliyokuwa tayari kupokea. Mtu mmoja anaweza kuona mbele na anaweza kutoa. Hawezi peke yake kujenga maktaba. Ile hasara inatufundisha kwamba kulikuwa na upungufu kwa upande wa wapokeaji wa hapa nyumbani, na wala haimhukumu mtoaji.

Nyumba hiyo ilipojengwa, mambo yalibadilika kwa kasi. Katika miaka ya 1960 mtafiti J. W. T. Allen alizunguka pwani akitafuta miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha ya makusanyo hayo, pamoja na kanda za sauti, ilichapishwa mwaka 1970. Miswada hiyo haikuchukuliwa kwa amri ya serikali, maana hakuna amri inayoweza kufungua sanduku la familia. Wenye nyumba waliamua kufungua. Allen alikuja na subira na taasisi ilimpa mahali pa kuweka, lakini uamuzi uliotangulia yote ulikuwa wa mzee au bibi aliyesema: haya, soma, nakili, kisha rudisha. Linganisha na miaka ya mwanzo ya Kamati ya Lugha. Wajumbe wake wa kwanza walikuwa Wazungu, na waliamua juu ya lugha ya watu ambao hawakuwa mezani. Kamusi iliyotoka mwaka 1939 ni kazi kubwa, tena ilikuwa na msingi imara wa kamusi zilizoitangulia. Lakini malalamiko ya washairi wa Mombasa na Lamu, kwamba hazina ya Kimvita na Kiamu iliachwa nje ya mlango, yamedumu mpaka leo, na yana ukweli. Mamlaka ilikuwepo, fedha ilikuwepo, ila njia ya kupitishia ujuzi kutoka kwa wenye nao ilikuwa nyembamba mno.

Wapo watakaosema kwamba kutoa ujuzi ni hatari, maana anayetoa siri ya kazi yake anajikatia riziki. Fundi, kwa mawazo haya, hulindwa na anachokijua peke yake. Jibu la hoja hii liko baharini. Mtepe ulikuwa chombo cha watu wa visiwa vya Lamu na Wabajuni, uliounganishwa mbao kwa kamba za nazi badala ya misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ufundi wa kushona vyombo katika pwani hii ni wa zamani mno, maana mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza, katika kitabu kinachoitwa Periplus, alikwisha kutaja vyombo vya kushonwa. Ufundi huo ulidumu karibu miaka elfu mbili, ukatoweka ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20. Sababu kubwa ni za kiuchumi: majahazi ya misumari na meli za mvuke zilichukua mizigo, na biashara ikauacha mkono mtepe. Usiri haukuuokoa. Hakuna fundi aliyenufaika kwa kwenda kaburini na jinsi ya kukaza kamba na kuziba tundu. Leo anayetaka kujua mtepe ulivyoundwa anategemea mifano midogo ya makumbusho, picha chache, na maelezo ya wageni waliouona ukiwa karibu kwisha. Makumbusho za Lamu na Mombasa zina wataalamu wenye bidii, lakini hawawezi kuonyesha ambacho hakuna aliyewaachia.

Ahmed Sheikh Nabhany aliliona pengo hilo mapema. Alizaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki Mombasa mwaka 2017, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilihusiana na makumbusho ya Fort Jesus. Wakati jahazi bado linaundwa, lakini dalili za mwisho wake zikionekana, alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliotolewa Leiden mwaka 1979, unaoeleza uundaji wa chombo hatua kwa hatua. Ndani yake mna majina ya sehemu na vifaa ambayo kijana wa leo, hata aliyezaliwa ufukweni, anaweza asiyajue. Mkuku ndio mti wa chini unaobeba chombo chote, mataruma ni mbavu zake, foromali ni boriti inayobeba tanga, na kalafati ni kazi ya kuziba nafasi za mbao maji yasiingie. Mwaka 1985 alifanya vivyo hivyo kwa mnazi na matumizi yake, katika Umbuji wa Mnazi. Alichagua ushairi kwa sababu alijua jinsi watu wake wanavyohifadhi maneno. Alitumia chombo walichokizoea, akakipakia elimu iliyokuwa inaelekea kupotea.

Nabhany pia alifungua mlango wake kwa kila aliyekuja kuuliza, kuanzia wanafunzi wa Nairobi na Mombasa hadi watafiti kutoka Ulaya na Marekani. Alitunga istilahi, akazitoa bila kudai chochote. Runinga na tarakilishi ni maneno yake. Hakukubaliwa katika kila jambo. Wapo waliotaka televisheni na kompyuta zibaki kama zilivyo, na sehemu kubwa ya Tanzania imekwenda na kompyuta. Lakini Kenya watangazaji wamezoea runinga, na tarakilishi imo katika vitabu vya shule. Taasisi ya lugha inayopanga istilahi kwa kamati huhitaji vikao vingi ili kupata neno moja linaloshika. Mtu mmoja aliyejua Kiamu cha kale, Kiarabu na tabia za maneno aliwapa wanakamati malighafi ya kazi yao.

Pingamizi la mwisho ni lile linalonisumbua zaidi. Utenzi wa jahazi si jahazi. Hata ukiukariri wote, hutaweza kuunda chombo kinachoelea, kwa sababu ujuzi mwingine uko katika vidole na macho: namna fundi wa Matondoni, kijiji cha Lamu, anavyoitazama mbao ya mti uliopinda na kujua kwamba hiyo ndiyo itakayokaa mahali pa taruma. Hilo haliandikiki. Nakubali. Na kwa kukubali hivyo, nasema ndiyo sababu zaidi ya kutoa mapema, wakati mwenye mikono bado ana nguvu na mwanafunzi anaweza kusimama karibu naye. Maandishi hayachukui nafasi ya uanagenzi. Yanaubakizia majina, mpangilio na sababu za kila hatua, ili anayejifunza asianze gizani. Sikujua naye hakumkabidhi Taylor karatasi tu. Alifanya kazi naye ana kwa ana. Ujuzi wa Kijuma ulipita vilevile, kwa miaka ya kuulizwa na kujibu. Katika visa vyote viwili karatasi ni matokeo ya mahusiano, na taasisi inayokusanya karatasi bila kulea mahusiano hayo itapata nusu ya kilichopo.

Jambo hili halihusu ushairi na bahari peke yake. Kila ofisi ya Afrika Mashariki inayo historia ndogo ya namna hiyo: karani wa masijala anayejua faili la ardhi la miaka mingi liko wapi, fundi wa maji anayekumbuka bomba la zamani linapita chini ya barabara ipi, muuguzi wa zamu ya usiku anayetambua dalili kabla ya kipimo. Watu hawa hustaafu kwa hafla, zawadi na hotuba, na siku inayofuata hakuna anayeweza kufanya walichokuwa wakifanya. Wengine walikuwa tayari kutoa ila hawakuulizwa. Wengine waliogopa kwamba wakitoa wataonekana hawana kazi tena, na hofu hiyo ni kosa la wakubwa wao kuliko lao. Mkuu anayetaka watu wake waone mbele awape muda wa kuandika, mwanafunzi wa kukaa nao, na jina lao juu ya kile walichokitoa.

Na wewe uliye na sanduku la miswada ya babu au bibi nyumbani Lamu, Pate, Siyu, Mombasa, Tanga, Pemba au Unguja, usingoje mpaka mchwa wafike. Mwite anayejua kuisoma, mpe chai, mketi pamoja, mpige picha kila ukurasa huku mzee wa nyumba akieleza kilichomo. Kisha nakala moja ipelekwe TATAKI Dar es Salaam, au makumbusho ya Lamu, au kwenye hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, na mswada wenyewe ubaki kwenu.